Jerry Lawson

Gerald Anderson Lawson, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jerry Lawson (Brooklyn, New York, 1 Desemba 1940 – California, 9 Aprili 2011), alikuwa mhandisi wa elektroniki kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kuongoza kikundi kilichotengeneza Fairchild Channel F, konsoli ya michezo ya video iliyoingia sokoni mwaka 1976. Hiyo ilikuwa konsoli ya kwanza ya nyumbani iliyotumia katriji zenye programu ndani yake, ambazo mchezaji aliweza kuzichomeka na kuzichomoa apendavyo.

Kabla ya Channel F, mtu aliyenunua mashine ya michezo alipata ile michezo iliyojengwa ndani ya mashine, na alipoichoka hakuwa na la kufanya. Baada yake, mchezo ukawa bidhaa inayojitegemea. Mashine ilinunuliwa mara moja, na michezo iliongezwa mmoja mmoja. Kwa njia hiyo kuandika programu za michezo kukawa kazi yenye soko lake, tofauti na kazi ya kutengeneza mashine.

Lawson alikuwa mmoja wa wahandisi weusi wachache sana katika Silicon Valley ya miaka ya 1970. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Sehemu kubwa ya ujuzi wake aliupata kwa kusoma, kufungua vifaa na kuvitengeneza mwenyewe.

Familia na utoto

Lawson alizaliwa Brooklyn, akakulia Queens, sehemu nyingine ya jiji la New York, katika mtaa wa Jamaica. Baba yake, Blanton, alikuwa mfanyakazi wa kupakia na kupakua mizigo bandarini. Kazi yake ilikuwa ya mikono, lakini alipenda sana vitabu vya sayansi. Babu yake alikuwa amesomea fizikia, ila katika Marekani ya zama zake mtu mweusi hakupata kwa urahisi kazi ya fani hiyo, naye akaishia katika huduma ya posta.

Mama yake, Mannings, alikuwa mwajiriwa wa jiji. Alijali sana elimu ya mwanawe. Alitafuta shule nzuri hata kama ilikuwa mbali na nyumbani, akakagua walimu kabla ya kumwandikisha mtoto, na akawa kiongozi wa chama cha wazazi na walimu katika shule ambayo wanafunzi wake wengi walikuwa wazungu.

Katika darasa la kwanza Lawson aliwekewa karibu na dawati lake picha ya George Washington Carver, mwanasayansi mweusi wa kilimo aliyezaliwa utumwani. Mwalimu wake alimweleza kwamba naye angeweza kuwa mtu wa namna hiyo. Lawson alipokuwa mtu mzima alisema kwamba jambo hilo lilimpa mwelekeo wa maisha.

Redio na runinga

Akiwa na umri wa miaka 13 hivi Lawson alipata leseni ya redio ya ridhaa, akajenga kituo chake chumbani. Uongozi wa majengo walimoishi ulikataa kuidhinisha jambo hilo. Alisoma kanuni mwenyewe na kugundua kwamba kwa leseni ya aina hiyo hakuhitaji ruhusa yao, akaendelea. Antena aliitokeza dirishani. Vipuri alivinunua kimoja kimoja katika maduka ya elektroniki ya jijini.

Alitengeneza pia redio ndogo za mkononi za mawasiliano na kuziuza. Alipofika umri wa ujana alikuwa akienda nyumba kwa nyumba kutengeneza runinga zilizoharibika. Runinga za wakati huo zilitumia vali za kioo zilizopata joto kali, na ndani yake mlikuwa na umeme wa volti nyingi ulioweza kuua. Fundi alipaswa kufuata ishara hatua kwa hatua, kutoka antena hadi skrini, mpaka apate mahali ilipokatika. Zoezi hilo lilimfundisha jinsi picha inavyochorwa kwenye skrini mstari kwa mstari, ujuzi ambao miaka 20 baadaye ulikuwa msingi wa kazi yake katika michezo ya video.

Masomo na ajira za kwanza

Lawson alisoma Queens College na City College of New York, lakini hakumaliza shahada katika chuo chochote kati ya hivyo. Alianza kufanya kazi katika makampuni ya elektroniki na ya vifaa vya kijeshi, yakiwemo Federal Electric na Grumman, na baadaye Kaiser Electronics. Kazi hiyo ya mwisho ilimfikisha Palo Alto, California.

Eneo hilo lilikuwa linaanza kujulikana kwa jina la Silicon Valley kutokana na wingi wa viwanda vya chipu za silikoni. Kampuni mama ya viwanda hivyo ilikuwa Fairchild Semiconductor, iliyoanzishwa mwaka 1957. Wawili kati ya waasisi wake, Robert Noyce na Gordon Moore, waliondoka mwaka 1968 na kuanzisha Intel.

Kazi katika Fairchild

Mwaka 1970 Lawson aliajiriwa na Fairchild kama mshauri wa kihandisi katika idara ya mauzo. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wateja jinsi ya kutumia chipu za kampuni katika vifaa vyao. Kwa ajili hiyo alishawishi kampuni kugeuza gari kubwa la safari kuwa maabara ya kutembea, iliyozunguka ikionyesha bidhaa mpya. Kazi hiyo ilimlazimu kuelewa chipu kwa undani kuliko wauzaji wa kawaida, kwa sababu wateja walikuwa wahandisi, na maswali yao yalihitaji majibu ya kweli.

Lawson alikuwa mtu wa umbo kubwa, mwenye urefu wa karibu mita 2. Alisimulia kwamba watu waliowasiliana naye kwa simu au barua tu mara nyingi walishangaa walipokutana naye na kuona kwamba ni mtu mweusi.

Demolition Derby

Katika gereji ya nyumba yake Lawson alitengeneza mchezo wa mashine ya sarafu uliopewa jina la Demolition Derby, ambamo wachezaji waliendesha magari na kuyagonganisha. Aliukamilisha mwanzoni mwa mwaka 1975. Mashine ilijaribiwa kwa wateja wa duka la piza.

Umuhimu wa mchezo huo ulikuwa ndani ya kasha lake. Michezo mingi ya wakati huo, ikiwemo Pong ya Atari, haikuwa na programu hata kidogo. Kila kanuni ya mchezo ilikuwa saketi: waya na chipu zilizopangwa ili mpira uruke, ugonge ukuta na kurudi. Aliyetaka kubadilisha kanuni alilazimika kubadilisha saketi yenyewe. Lawson alitumia mikroprosesa mpya ya Fairchild iliyoitwa F8. Mikroprosesa ni chipu inayosoma maagizo kutoka kwenye kumbukumbu na kuyatekeleza moja baada ya jingine. Kwa hiyo kanuni za mchezo ziliweza kuandikwa kama programu, na kubadilishwa bila kugusa waya. Demolition Derby ni miongoni mwa michezo ya mwanzo kabisa iliyoendeshwa kwa mikroprosesa.

Mwajiri wake alipopata habari za mchezo huo, hakumwadhibu kwa kufanya kazi ya pembeni. Alitakiwa aifanye kazi hiyo ndani ya Fairchild.

Homebrew Computer Club

Katika miaka hiyo Lawson alihudhuria mikutano ya Homebrew Computer Club, chama cha wapenzi wa kompyuta kilichoanza mwaka 1975 huko California. Wanachama walibadilishana michoro, vipuri na programu, na kila mmoja alionyesha alichotengeneza. Lawson na Ron Jones walikuwa wanachama weusi pekee.

Miongoni mwa wengine walikuwa Steve Wozniak na Steve Jobs, walioanzisha kampuni ya Apple mwaka 1976. Lawson alisimulia kwamba aliwahi kumsaili Wozniak kwa ajili ya kazi Fairchild na hakumwajiri.

Fairchild Channel F

Chanzo cha wazo

Wazo la kuweka michezo katika vipande vinavyobadilishwa halikuanzia Fairchild. Lilianzia katika kampuni ndogo ya Alpex Computer Corporation ya Connecticut, ambako wahandisi Wallace Kirschner na Lawrence Haskel walitengeneza mfano wa mashine iliyotumia mikroprosesa ya Intel 8080. Michezo yao ilihifadhiwa katika chipu za ROM, yaani kumbukumbu inayosomwa tu bila kuandikwa upya, zilizofungwa kwenye bodi ndogo ya saketi iliyoweza kuondolewa.

Mfano huo ulifanya kazi, lakini ulikuwa bado kifaa cha maabara. Alpex iliwaendea watengenezaji wa runinga bila mafanikio, kisha ikafika Fairchild mwaka 1975. Lawson alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuukagua. Fairchild ilinunua leseni, na Lawson akapewa jukumu la kugeuza wazo hilo kuwa bidhaa. Alikuwa mhandisi mkuu wa vifaa, na pia mkurugenzi wa uhandisi na masoko katika idara mpya ya michezo ya video.

Matatizo ya kiufundi

Hatua ya kwanza ilikuwa kuondoa mikroprosesa ya Intel na kuweka F8 ya Fairchild yenyewe. Kwa kuwa mikroprosesa hizo mbili hazielewi maagizo yaleyale, programu zote zilipaswa kuandikwa upya.

Tatizo la pili lilikuwa katriji. Hapakuwa na mfano wa kuiga. Kifaa hicho kingeshikwa na watoto, kingeangushwa, na kingechomekwa na kuchomolewa maelfu ya mara. Umeme tuli wa mikono ya binadamu ungeweza kuunguza chipu, na miguso ya metali ingelika kwa kusuguana. Lawson alifanya kazi na Nick Talesfore, mbunifu wa umbo la mashine, na Ron Smith, mhandisi wa mitambo. Walizifunga bodi ndani ya kasha gumu la plastiki ya rangi ya manjano, lenye umbo la kufanana na kanda za muziki za wakati huo, na kutengeneza utaratibu wa kuifanya miguso ikutane sawasawa katriji inapoingizwa.

Tatizo la tatu lilikuwa la kisheria. Mashine iliyounganishwa na runinga ilitoa mawimbi yaliyoweza kuvuruga matangazo katika nyumba za jirani, na serikali ya Marekani ilikuwa na viwango vikali juu ya jambo hilo. Kikundi kililazimika kuifunika bodi kuu kwa metali na kuzuia mawimbi yasivuje hata kwenye tundu la kuingizia katriji. Hapa uzoefu wa Lawson wa redio ulikuwa na faida ya moja kwa moja. Idhini ilipatikana Oktoba 1976.

Kikundi kilitengeneza pia kidhibiti cha mkononi kilichoweza kusukumwa pande 8, na pia kuzungushwa, kuvutwa juu na kubonyezwa chini. Mashine ilikuwa na kitufe cha kusimamisha mchezo kwa muda na kuuendeleza baadaye, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Kuingia sokoni

Mashine iliingia sokoni Novemba 1976 kwa bei ya dola 169.95 za Marekani, kwanza kwa jina la Video Entertainment System, kisha Channel F. Ndani yake mlikuwa na michezo miwili, wa magongo na wa tenisi. Mingine iliuzwa katika katriji zilizoitwa Videocart, kila moja kwa dola 19.95. Katriji ya kwanza ilikuwa na Tic-Tac-Toe, mchezo wa kulenga shabaha na programu za kuchora. Zilizofuata zilikuwa na michezo ya karata, vita vya ndege na mazoezi ya hesabu. Kwa jumla zilitolewa zaidi ya 20. Mashine iliuzwa pia Ulaya kwa majina mengine, mojawapo likiwa Saba Videoplay huko Ujerumani.

Kuandika programu za Channel F

Mwandishi wa programu za Channel F alifanya kazi katika nafasi finyu mno. F8 ilikuwa mikroprosesa ya biti 8 iliyokwenda kwa kasi ya takriban megahezi 1.79. Kumbukumbu ya kazi, yaani mahali pa kuweka alama za wachezaji, mahali ulipo mpira na hesabu nyinginezo zote, ilikuwa baiti 64 tu. Sentensi moja fupi ya Kiswahili huweza kuijaza yote.

Picha ilikuwa na kumbukumbu yake tofauti ya kilobaiti 2, iliyopangwa kama gridi ya pikseli 128 kwa 64, ingawa si zote zilionekana kwenye runinga. Programu iliweza kuandika humo lakini haikuweza kusoma. Kwa hiyo mwandishi hakuweza kuiuliza mashine ni rangi gani iliyopo mahali fulani kwenye skrini. Ili ajue kama risasi imegonga ndege, ilimbidi akumbuke kwa hesabu mahali kila kitu kilipo, na akumbuke hayo ndani ya zile baiti 64.

Kulikuwa na rangi 8, lakini si zaidi ya 4 katika mstari mmoja. Sauti zilikuwa milio mitatu tu ya viwango maalumu, na katika toleo la kwanza zilitoka kwenye spika ya mashine yenyewe, si ya runinga.

Ugumu mwingine ulikuwa katika kuita sehemu ndogo za programu. Programu inaporuka kwenda kufanya kazi ndogo, mikroprosesa lazima ikumbuke mahali pa kurudi. F8 ilikumbuka mahali pamoja tu. Kazi ndogo ikiita kazi nyingine, mwandishi alipaswa kuhifadhi anwani ya kwanza yeye mwenyewe, la sivyo mchezo ungepotea njia na mashine ingeganda.

Kazi yote ilifanywa kwa lugha ya asembli, ambamo kila mstari ni agizo moja la mikroprosesa: peleka namba hapa, ongeza moja, ruka kama jibu ni sifuri. Mwandishi wa programu alihitaji kujua namba za mfumo wa mbili na wa kumi na sita, mpangilio wa kumbukumbu, na muda unaotumiwa na kila agizo. Miongoni mwa walioandikia Channel F ni Rick Maurer. Baadaye alihamia Atari na kuandika toleo la Space Invaders la mwaka 1980, lililouzwa kwa mamilioni.

Ushindani na kuondoka Fairchild

Atari ilikuwa tayari ikitengeneza konsoli yake ya katriji. Kutokea kwa Channel F kuliilazimisha kuharakisha, lakini haikuwa na fedha za kutosha. Mwaka 1976 iliuzwa kwa kampuni ya Warner Communications, na kwa mtaji wa Warner ikatoa Atari VCS, iliyoitwa baadaye Atari 2600, mwezi Septemba 1977.

Atari 2600 ilikuwa na baiti 128 za kumbukumbu ya kazi. Haikuwa na kumbukumbu ya picha kabisa, na programu ilipaswa kuchora kila mstari wa skrini wakati uleule runinga ilipokuwa ikiuonyesha. Ilikuwa ngumu zaidi kuiandikia kuliko Channel F, lakini vitu viliweza kusogea kwa ulaini zaidi, na Atari ilikuwa na michezo iliyopendwa katika kumbi za mashine za sarafu. Ikauzwa kwa mamilioni mengi, na Channel F ikaachwa nyuma.

Fairchild nayo ilikuwa imepata hasara katika biashara ya saa za kidijitali kutokana na vita vya bei, na uongozi ukapoteza hamu ya bidhaa za nyumbani. Mwaka 1979 kampuni ilinunuliwa na Schlumberger, na biashara ya Channel F ikapelekwa kwa kampuni ya Zircon, iliyotoa katriji chache za mwisho. Lawson aliondoka mwaka 1980.

Videosoft

Baada ya kuondoka, Lawson alianzisha Videosoft, kampuni ya kutengeneza michezo. Ni miongoni mwa kampuni za mwanzo kabisa za michezo ya video kumilikiwa na mtu mweusi. Ilitengeneza programu za Atari 2600, mashine ileile iliyoishinda ya kwake, ikiwemo michezo ya picha zenye kina zilizotazamwa kwa miwani maalumu.

Mwaka 1983 soko la michezo ya video la Marekani lilianguka. Maduka yalijaa katriji zisizouzika, na makampuni mengi yakafilisika. Michezo ya Videosoft haikufika madukani. Bidhaa yake iliyotoka ilikuwa katriji ya kurekebishia rangi za runinga. Baadhi ya michezo hiyo iligunduliwa miaka mingi baadaye na kutolewa kwa idadi ndogo kwa wakusanyaji. Videosoft ilifungwa katikati ya miaka ya 1980.

Miaka ya baadaye

Baada ya hapo Lawson alifanya kazi za ushauri. Aliwahi kushirikiana na mwanamuziki Stevie Wonder katika wazo la saa ya kumwamsha mtoto kwa sauti ya mzazi wake, lakini saa hiyo haikufika kiwandani. Alishiriki pia katika mpango wa kuwalea kitaaluma wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, na alikuwa akijiandaa kuandika kitabu juu ya maisha yake ya kazi.

Alikuwa na mke, Catherine, na watoto wawili. Aliugua kisukari kwa muda mrefu. Kuanzia takriban mwaka 2003 hali yake ilizidi kuwa mbaya, akapoteza uwezo wa kutumia mguu mmoja na kuona kwa jicho moja. Hata hivyo aliendelea na shughuli zake nyumbani kwake Santa Clara, California.

Machi 2011 chama cha kimataifa cha watengenezaji wa michezo, IGDA, kilimtambua kama mwanzilishi katika fani hiyo, na alihudhuria mwenyewe. Alifariki tarehe 9 Aprili 2011, takriban mwezi mmoja baadaye, kutokana na matatizo ya kisukari. Alikuwa na umri wa miaka 70.

Mjadala kuhusu ugunduzi wa katriji

Lawson mara nyingi huitwa baba wa katriji ya michezo ya video. Jina hilo lina ukweli, ila linahitaji maelezo.

Magnavox Odyssey ya mwaka 1972, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer, tayari ilikuwa na kadi za kuchomeka. Kadi hizo hazikuwa na programu wala kumbukumbu, kwani zilibadilisha tu miunganisho ya nyaya zilizokuwa tayari ndani ya mashine. Kirschner na Haskel wa Alpex ndio waliotangulia kuweka programu ya mchezo katika ROM inayoondolewa. Lawson na kikundi chake waliufanya mfano huo uwe kitu ambacho mtoto anaweza kukishika bila kukiharibu, kiwanda kinaweza kukizalisha kwa wingi na sheria inakiruhusu kuuzwa. Wanahistoria wa michezo ya video kwa kawaida huzitaja sehemu zote mbili za kazi hiyo.

Kwa miaka mingi majina yote ya waliohusika hayakujulikana nje ya duara dogo la wataalamu. Channel F ilishindwa sokoni, na historia iliandikwa zaidi kuhusu Atari. Lawson alianza kutajwa kwa upana katika miaka yake ya mwisho na baada ya kifo chake.

Heshima

Mwaka 2019 alitunukiwa, baada ya kifo chake, tuzo ya mashujaa wa michezo katika tamasha la Independent Games Festival. Jumba la makumbusho la The Strong huko Rochester, New York, lina maonyesho ya kudumu yanayohusu kazi yake. Mwaka 2020 habari zake zilisimuliwa katika mfululizo wa filamu za hali halisi High Score wa Netflix.

Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Southern California kilitangaza mfuko wenye jina lake wa kuwasaidia wanafunzi weusi na wenyeji wa asili wa Marekani wanaosomea utengenezaji wa michezo. Tarehe 1 Desemba 2022, siku ambayo angetimiza miaka 82, Google iliweka kwenye ukurasa wake wa mwanzo mchoro wa kumkumbuka, wenye michezo midogo ambayo watazamaji waliweza kuicheza na kuibadilisha wenyewe.

Urithi

Mfumo wa katriji ulifuatwa na konsoli nyingi zilizokuja baadaye, zikiwemo Atari 2600, Intellivision, ColecoVision, Famicom ya Nintendo (1983) na Mega Drive ya Sega (1988). Ulitawala hadi miaka ya 1990, diski za CD zilipochukua nafasi yake. Nintendo inaendelea kutumia kadi za kuchomeka hadi leo.

Channel F yenyewe haijaachwa kabisa. Wapenzi wa mashine za zamani bado wanaandika michezo mipya kwa ajili yake; mmoja unaojulikana ni toleo la Pac-Man lililotolewa mwaka 2009. Anayejifunza leo hahitaji kuwa na mashine yenyewe. Programu ya bure ya DASM hugeuza maagizo ya asembli kuwa msimbo wa F8, na pia wa mikroprosesa ya Atari 2600. Programu ya MAME huigiza Channel F ndani ya kompyuta ya kawaida, hivyo mwanafunzi wa Bariadi, Mwanza au Nairobi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuandika mchezo na kuujaribu bila katriji wala runinga ya zamani.

Mashine za aina hii hupendwa na wanaojifunza kwa sababu ni ndogo kiasi cha mtu mmoja kuzielewa zote. Kompyuta ya kisasa huficha sehemu kubwa ya utendaji wake nyuma ya tabaka nyingi za programu. Katika Channel F hakuna kilichofichwa kati ya mwandishi na chipu, na kila pikseli inayoonekana imewekwa pale na agizo ambalo mwandishi analijua. Wanaoanza kwa kawaida hujifunza kwanza namba za mfumo wa mbili, kisha kuweka pikseli moja kwenye skrini, kuisogeza kwa kidhibiti, na kuizuia isipite ukutani. Baada ya hapo huongeza alama na sauti.

Njia hiyo, ya kuanza na sehemu ndogo inayoeleweka na kuendelea hadi mfumo mzima, inafanana na ile ambayo Lawson mwenyewe aliifuata alipotengeneza redio na runinga huko Queens.